Kamati na Mahitaji ya Mkwewe

Shemeji yangu Abdulbasit anajua ni nchi gani duniani inayohitaji helikopta, ni ipi inayohitaji magari ya deraya, na ni ipi inayojisingizia kuwa inahitaji vyote viwili. Hajui sukari inakaa kabati gani nyumbani kwake. Kila akitaka chai husimama katikati ya jikoni akaita mpaka dada yangu aje, na kama dada hayupo hunywa maji.

Kazi yake ni kuendesha gari la kupeleka wagonjwa hospitali. Wengi ni wa figo. Anawachukua Hopkins, tunakoishi huku Marekani, na mitaa ya jirani, anawapeleka hadi Anoka, anawangoja wasafishwe damu, kisha anawarudisha. Kungoja huko ndiko kulikomharibu. Madereva wengine hulala, au hucheza karata kwenye simu, au hugombana na wake zao. Yeye alianza kutazama vikao vya kamati za Bunge la Marekani. Aliingilia kwenye kamati ya barabara kwa sababu ya shimo lililomvunjia springi, akahamia ya kilimo, halafu akaangukia kamati inayokagua tathmini za mahitaji ya kijeshi ya nchi za nje, na hapo akanasa. Pale mkahawani Lake Street, watu wa pwani wanapokusanyika Jumapili asubuhi, wakambandika jina la Kamati. Yeye alidhani wanamsifu.

Nieleze kidogo mambo yenyewe, maana nimesikilizishwa kwa nguvu, na mtu hawezi kusikilizishwa yote hayo akabaki mjinga. Marekani ikitaka kuipa nchi fulani silaha, kwanza hutuma watu wake wakapime: hawa wanahitaji nini, wanamwogopa nani, na wakipewa watavitunza? Wapimaji wakirudi huandika walichokiona, kisha wabunge huwaita na kuwauliza, mmejuaje? Ukisikia hivyo ni kazi nzuri. Msimu ule kamati ilikuwa na nchi moja mkononi. Siitaji, wana ubalozi na wana hasira. Wapimaji walikwenda wakakaa siku chache kwenye hoteli kubwa, wakapikiwa, wakapigiwa gwaride, wakaonyeshwa kifaru kimoja kibovu kilichokokotwa makusudi, wakarudi na tathmini kwamba nchi ile inahitaji kila kitu.

Ndani ya kamati kulikuwa na mbunge mmoja mwanamke mzee ambaye shemeji alimwita Bibi wa Miwani, kwa sababu akikasirika huivua. Alimpenda kuliko jamaa zake.

"Raisa, leo ungemwona Bibi wa Miwani!" aliniambia siku moja tukila, mdomo umejaa. "Amemwuliza yule ofisa, mmejuaje kama wahitaji helikopta? Akajibu, wametwambia. Na nani alihakikisha? Akajibu, tulihakikisha nao wenyewe. Nao wenyewe, Raisa! Si sawa na kumwuliza mtoto ahitaji peremende ngapi?"

"Sasa ulitaka wafanyeje?"

"Waingie jikoni! Kupima si kukaa sebuleni ukalishwa sambusa. Mpimaji afungue friji, afungue choo. Mtu akipimwa sebuleni ataonekana hana shida hata kama nyumba haina paa."

Alisema hivyo akigonga meza, na mama akamsogezea bakuli la mchuzi. Nayakumbuka maneno hayo vizuri kwa sababu baadaye nilitamani kumtia nayo kibao.

Mama yetu anaitwa Bi Mwanasiti. Amezaliwa Kibokoni, Mombasa, na anaishi na dada yangu na Kamati katika jengo la zamani pale Hopkins, lenye lifti inayofanya kazi ikipenda na bafu la ukingo mrefu, la kuvuka kwa mguu. Mguu wake wa kushoto ulikufa ganzi baada ya kiharusi. Anatembea kwa kushikilia kigari cha mkono, na bafuni hatoki bila kushikwa. Dada anafanya kazi mpaka magharibi. Mimi nafanya kazi ya kutunza wazee Inver Grove Heights, upande mwingine kabisa wa mji. Kwa hiyo kaunti humlipa msaidizi, Goretti, Mkongomani mpole, akae na mama mchana kutwa. Na kila mwaka kaunti hutuma mpimaji aangalie kama mama bado anahitaji msaidizi, na kwa saa ngapi.

Mwaka huo siku ya mpimaji ilituangukia sote tuko kazini, isipokuwa Kamati aliyeweza kuomba ruhusa.

"Niachieni mimi," alisema. "Tathmini ndiyo fani yangu."

Tukamwachia. Nyani haoni kundule, nasi tulikuwa tumesahau kuwa analo.

Mtaalamu wetu alifanya nini? Alipeleka mapazia kufuliwa. Alikodi mashine akasafisha zulia. Alifukiza udi mpaka kengele ya moshi ikalia. Kigari cha mama alikisukuma chini ya kitanda kwa kuwa kinaharibu sebule, na kiti chake cha kuogea akakificha kabatini, maana ni aibu mgeni kukiona. Akaagiza mahamri na mbaazi, na Goretti akaambiwa akaange kaimati. Mama akavishwa gauni lake la Idi, akatiwa wanja, akawekwa kwenye sofa kubwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema. Hawakusema mwenyeji aonekane amepona tayari.

Mpimaji alikuwa mwanamke wa makamo, Fiona, mwenye sauti ya taratibu. Alitaka kumpigia mkalimani wa simu. Kamati akaona ametukanwa.

"Mkalimani wa nini? Mimi ni mtoto wa nyumba hii."

Yaliyofuata nimesimuliwa na Goretti, aliyekuwa jikoni akikaanga kaimati na anajua Kiingereza cha kumtosha. Lakini kwanza mtu aelewe jambo moja. Kwetu pwani mkwe na mama mkwe hupendana kwa mbali. Hawatazamani usoni sana, hawataniani, na maneno ya bafuni na chooni hayapiti baina yao hata nyumba ikiungua. Sasa Fiona akafungua kompyuta yake na swali lake la kwanza likawa, je, mama anaweza kuoga peke yake?

Kamati alikohoa. Akatazama mapazia.

"Mama, mgeni auliza, u hali gani?"

"Mwambie sijambo, alhamdulillah."

"Hana shida," Kamati akamwambia Fiona kwa Kiingereza.

Je, huenda chooni mwenyewe? Kamati sasa alikuwa anatazama dari.

"Mama, auliza nyumba yakupendeza?"

"Yanipendeza sana. Mwambie Mungu awaweke mlionitunza."

"Hana shida kabisa."

Je, hutokea akashindwa kuwahi, hasa usiku? Goretti anasema hapo shemeji alitoka jasho.

"Mama, mgeni auliza kama yapatikana chai nyingine."

Mama ambaye mgeni wake amekosa chai hawezi kubaki amekaa. Na mkwe hamiminii watu chai mbele ya mama mkwe. Basi Bi Mwanasiti akashika ukingo wa meza, akauma meno, akainuka na gauni lake la Idi, akamimina kikombe pasipo kumwaga hata tone, akarudi kuketi akitabasamu. Fiona aliyaona hayo kwa macho yake mwenyewe, akaandika.

Mimi nilizipata habari kwa simu, nikiwa kazini.

"Dada Raisa, mon Dieu, wamekata masaa," alisema Goretti. "Sasa mimi natoka saa sita. Après, baadaye, Bibi anabaki peke yake mpaka jioni. Wanasema anaweza yote."

"Goretti, ulikuwa jikoni! Mbona hukusema?"

"Mimi? Patron, mwenye nyumba, yuko pale anatafsiri, mimi nitoke na sufuria niseme anadanganya?"

Alikuwa na haki. Nilimaliza kazi nikaendesha moja kwa moja mpaka Hopkins, na njia nzima nilikuwa nikitunga matusi. Nilimkuta Kamati amekaa na simu, Bibi wa Miwani akimhoji mtu wa tai nyekundu.

"Zima hiyo," nikamwambia. "Mpimaji afungue friji, afungue choo! Si maneno yako? Umemficha mama kiti cha kuogea, shemeji. Umekificha kabatini!"

"Raisa, wewe ungetafsiri maneno yale mbele ya mama?"

"Ungetoka nje basi!"

"Mwenye nyumba atoke nje na mgeni yuko ndani? Umeona wapi?"

Niliona nitampiga kweli, nikaenda kukaa na mama. Mama akaniambia nisimgombeze mume wa dada yangu, kwamba siku ile mgeni alifurahi sana na alikula kaimati vizuri.

Tuliomba apimwe upya. Tukaambiwa tungoje, foleni ni ndefu. Hapo Kamati, badala ya kutulia na aibu yake, akaja na mpango. Adabu imeshindwa, akasema, basi tufanye walivyofanya nchi ile, tuonyeshe kifaru kibovu. Akaazima kiti cha magurudumu kwa mgonjwa wake mmoja na chupa ya oksijeni isiyo na kitu ndani. Alitaka mama alale, aguse kifua, agune kila akiulizwa swali. Akamfanyia na mfano wa kuguna, akiwa amesimama mbali na kumpa ubavu kwa heshima.

"Nimuongopee mgeni?" mama akauliza. "Ndani ya nyumba, na chai yake i mezani?"

Kiti kikarudi kwa mwenyewe.

Wiki zikapita. Kila siku saa sita Goretti aliondoka akigeuka nyuma, na mama akabaki peke yake na televisheni asiyoielewa. Kamati alipata mazoea ya kupitia nyumbani baina ya wagonjwa, dakika chache, kuangalia. Nikiwa na hofu kazini nilijipoza kwa hilo. Jumapili moja nilimwona mama ana alama nyeusi mkononi, juu ya kiwiko.

"Nimejigonga kabati," alisema, akashusha mkono wa gauni.

Jumapili hiyo hiyo Kamati alikuja mezani na uvimbe kwenye paji la uso, mkubwa kama ndimu.

"Na wewe?"

"Mlango wa gari."

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Dereva mzima, nikamwambia, hujui mlango wa gari lako unafungukia wapi, na wataka kujua ndege za watu zinaruka vipi. Aliinamia sahani yake. Mama naye hakucheka, na mimi sikulitilia maanani.

Siku ya kupimwa upya nilishika usukani mimi. Sikumruhusu mtu kufua pazia. Kigari nilikiweka katikati ya sebule, mtu akitaka kupita akizunguke. Kiti cha kuogea nilikirudisha bafuni, na mlango wa bafu nikauacha wazi. Hakuna udi, hakuna kaimati. Chai nilishindwa kuikataza. Kamati nilimfungia jikoni na simu yake, nikamwambia akitoka nitamwita mama yake Mombasa. Hakubisha. Siku hiyo kamati yake ilikuwa inapiga kura juu ya ile nchi, na alikuwa na wasiwasi wake mwenyewe, waya wa simu umeshaingia sikio moja, jingine kaliacha wazi.

Fiona akaja, akaketi, akaweka simu mezani ili mkalimani azungumze. Nilikuwa nimemwomba Mungu mkalimani awe mwanamke. Ikaitika sauti ya mwanamume, Mtanzania, mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi. Mama aliposikia sauti ya mwanamume akajifunika mtandio vizuri, nami nikajua tumekwisha.

"Mtathmini anauliza iwapo unaweza kuoga bila ya kusaidiwa," simu ikasema.

"Mwambie sijambo, baba."

"Mtathmini anauliza iwapo unakwenda msalani mwenyewe."

"Alhamdulillah. Na yeye nyumbani kwake hawajambo?"

Fiona akaandika. Mimi nikasema mama anashindwa kuvuka ukingo wa bafu, mguu haumwitikii. Fiona akaniuliza kwa upole, wewe umewahi kumwona akianguka? Sikuwahi. Ningemwonaje? Mchana kutwa niko Inver Grove Heights ninainua mama za watu. Nilisema sijawahi.

"Mtathmini anauliza iwapo umewahi kuanguka hapa nyumbani."

"La," mama akasema. "Sijaanguka."

Fiona akaanza kukusanya vitu vyake. Nilimtazama mama amekaa wima, anatabasamu, ana wanja aliojipaka mwenyewe kwa siri, na nilichukia adabu yetu yote, mkeka na jamvi. Mficha uchi hazai, na mama yangu alikuwa ameuficha wake mpaka angekuja kuvunjika nyonga peke yake, huku mtandio umekaa sawa.

Ndipo mlango wa jikoni ukafunguka. Kamati alitoka kwa haraka, waya ukachomoka, simu yake ikabaki juu ya meza ya jikoni ikipiga kelele. Kule Washington walikuwa wanaita majina ya wabunge mmoja mmoja, na kila aliyeitwa alijibu ndiyo. Yeye akasimama mlangoni, macho kwenye zulia.

"Mheshimiwa mwenyekiti," akasema kwa Kiingereza.

Fiona aligeuka kutazama kama kuna mtu mwingine nyuma yake.

"Naomba hili liingie kwenye kumbukumbu. Siku ile sikutafsiri ulichouliza. Niliona haya. Na ameanguka. Tangu Goretti apunguziwe saa, ameanguka bafuni zaidi ya mara moja. Hakuna aliyeona, ila mimi. Mimi, mkwewe, ndiye niliyemwinua."

Alisema kwa Kiingereza makusudi, maana mama hakijui. Fiona alikuwa amekaa tena, anaandika haraka.

"Aliweza kuvaa mwenyewe?" akauliza.

"Hapana," Kamati akaliambia zulia. "Hakuwa amevaa."

Nilikuwa nataka kumkumbatia, na kwa furaha hiyo niliisahau simu ya mkalimani. Yule bwana alikuwa amelipwa atafsiri kila linalosemwa, na alikuwa mtu wa kazi yake.

"Mkwe anaeleza," ikasema simu, kwa sauti safi iliyojaa sebule, "kwamba mama ameanguka bafuni zaidi ya mara moja, na kwamba yeye mkwe ndiye aliyemwinua. Anaeleza vilevile kwamba mama hakuwa amevaa nguo."

Mama alivuta mtandio ukafunika uso wote. Kamati aliegemea mwimo wa mlango. Tulisikia jikoni tu, jina na ndiyo, jina na ndiyo, halafu sauti kavu ya Bibi wa Miwani ikasema hapana, na baada yake zile ndiyo zikaendelea. Siku nyingine yoyote shemeji angekimbilia simu. Hakusogea hata mguu. Nilimwona mtu mzima anakaribia kulia kwa kuwa amemwokoa mama mkwe wake, na sikupata mzaha wa kumtania.

"Baba wa simu," mama akasema chini ya mtandio. "Bado upo?"

"Nipo, mama."

"Mwambie mgeni na hili aliandike. Alikuwa amefumba macho. Kila mara. Tangu mlangoni, kuja na kurudi. Akiniita nimwongoze kwa sauti, kulia, kushoto, mpaka anipate mkono. Ndipo siku ile alipojigonga ukuta kwa paji la uso, wakati wa kutoka."

Simu ikatafsiri. Fiona akainua macho akamtazama Kamati usoni, nami nikamtazama. Alama ilikuwa bado ipo, imebaki kijivu. Mlango wa gari.

Fiona akauliza kama hilo la macho ni lazima liingie.

"Aandike," mama akasema.

Akaandika. Goretti alirudishiwa saa zake zote, na sasa anaondoka dada akishafika. Nchi nisiyoitaja nayo ilipata helikopta zake zote, na nyingine ilizosahau kuomba. Wapimaji wao nao walikwenda wamefumba macho, tangu mlangoni, kuja na kurudi, ila mpaka leo sijasikia hata mmoja aliyejigonga.